Kuchagua Shida

Mtoto wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha sita anajua vizuri namna ya kuithibitisha shida. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imemfundisha. Kama baba amefariki, kipo cheti cha kifo, nacho lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili. Kama kaya yao inanufaika na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, namba ipo. Kama mzazi ana ulemavu, ipo fomu ya kujazwa na daktari. Shida inaingia kwenye mfumo ikiwa na muhuri, kisha mwombaji anasubiri kuona kama jina lake limetoka awamu ya kwanza, ya pili au ya tatu. Chuo chenyewe hakimuulizi habari za maisha yake. Kinataka namba ya mtihani na ufaulu wa tahasusi yake, basi.

Halafu mtoto huyo huyo, kwa kuwa amepata Division One na kuna mtu amemwambia ajaribu Marekani, anafungua fomu ya Common Application. Fomu hiyo ilianza mwaka 1975 kwa vyuo 15 na leo inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Ndani yake anakuta ukurasa unaomtaka aandike insha juu yake mwenyewe, isiyozidi maneno 650. Maswali yako saba, anachagua moja. La pili linamtaka asimulie kikwazo au kushindwa kulikowahi kumkuta, kulivyomgusa na alichojifunza. Macho ya vijana wengi hukimbilia hapo. Na wengi wao, wakianza kuandika, wanaiandika ile ile barua ya Bodi ya Mikopo, safari hii kwa Kiingereza: baba amefariki, mama anauza vitumbua, tuko wanane, naomba nifikiriwe.

Nimekaa mara nyingi kwenye baraza la mwalimu mmoja mstaafu wa Temeke, Dar es Salaam, anayewasaidia vijana na insha hizi bila malipo. Alifundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na hataki jina lake liandikwe. Watoto humwita Bibi Mwalimu. Kazi anayoifanya haina cheti wala chama, na wanaomwona kwa mbali hudhani anasahihisha sarufi. Sarufi anaigusa mwisho kabisa. Muda wake mwingi unakwenda kwenye jambo moja: kumsaidia mtoto achague, katika yote yaliyomkuta, ni lipi lipelekwe kwa mtu asiyemjua na lipi libaki nyumbani. Ni ufundi, na mimi nauheshimu kuliko fani nyingi za uandishi zinazopewa tuzo.

Kijana akifika kwa mara ya kwanza huja na rasimu yake kwenye simu. "Shikamoo, Bibi Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Simu weka hapo. Kunywa maji kwanza." Rasimu haisomwi siku hiyo. Anaambiwa asimulie kwa mdomo, tena kwa Kiswahili, na hilo la Kiswahili lina sababu yake. Kiingereza cha watoto wetu ni cha darasani. Wamekipata kwenye insha za kuremba, zenye methali mwanzoni na shukrani mwishoni, na kila wanapokishika wanakuwa kama wamepandishwa jukwaani siku ya mahafali. Mtoto akisema kwa Kiingereza kwamba maisha yamekuwa magumu, amesema hivyo tu, hakuna anachokiona mbele ya macho yake. Akisimulia kwa Kiswahili anarudi mahali penyewe. Atasema walikuwa wanalala chumba kimoja na kuku wa mama mwenye nyumba. Atasema mama alianza kuficha sukari kwenye kopo la maziwa. Tafsiri itakuja baadaye. Kwanza kipatikane kitu cha kutafsiri.

Maswali yake ni mafupi, ya mambo ya kila siku. Sijamsikia hata mara moja akiuliza, "Ulijisikiaje?" Anauliza siku hiyo nani alipika. Anauliza viatu ulivyovaa vilikuwa vya nani, mlango ulifunguliwa na nani, pesa ya nauli ilitoka wapi. Akishauliza ananyamaza. Ana ungo wa mchele mapajani, anachambua, hamtazami mtoto usoni. Mgeni angeona ukimya ule umezidi. Lakini nimeshuhudia vijana wakijibu kwa sentensi moja, wakatulia, halafu baada ya kitambo wakaongeza lile lililokuwa limekaa nyuma ya sentensi ya kwanza. Hilo la pili ndilo analolisubiri, na anajua kwamba ukimharakisha mtoto halitoki.

Binti mmoja alileta rasimu ya kifo cha baba yake. Alikuwa kidato cha tatu msiba ulipotokea. Rasimu ilikuwa na hospitali, simu ya usiku, kilio cha mama, na mwishoni ahadi ya kusomea udaktari. Kila neno lilikuwa kweli. Hata hivyo ungeweza kulitoa jina lake, ukaweka la mtoto mwingine yeyote aliyefiwa, na insha isishtuke. Bibi Mwalimu hakuikosoa. Aliuliza tu: "Watu walipotawanyika msibani, wewe ulibaki na kazi gani?"

Binti alifikiri, akasema kazi yake ilikuwa vyombo.

Aliyekulia uswahilini anajua kazi hiyo. Masufuria makubwa huazimwa nyumba hii na ile, pamoja na masinia, mabeseni, majagi na miiko. Kila chombo kina alama ya mwenyewe, chini au kwenye mkono: herufi mbili za rangi ya mafuta, nukta tatu za rangi ya kucha, jina lililogongwa kwa msumari. Watu wanapika, wanakula, wanaosha pamoja, na matanga yakishaanuliwa vyombo vinabaki uani vimechanganyika. Wenyewe wanaona haya kwenda kudai kwenye nyumba yenye msiba. Binti alichukua daftari la hesabu, akapindua chombo kimoja kimoja, akachora alama aliyoiona na pembeni akaandika jina la aliyemdhania. Kisha akaanza kuzunguka mtaa. Nyumba nyingine walimwambia akae nacho kwanza, mtakihitaji arobaini. Nyumba moja walimwambia sufuria lao bado, na akalitafuta mpaka akalipata kwa watu waliodhani ni lao. Katika mizunguko hiyo ndipo alipojua baba yake alikuwa anadaiwa na nani, na nani alikuwa anadaiwa na baba yake, kwa sababu mtu akishapokea sufuria lake mlangoni hukumbuka na mengine.

Bibi Mwalimu aliweka ungo chini. "Hilo daftari bado unalo?" Analo. "Kalilete."

Tazama kilichofanyika hapo, maana kimefanyika upesi na bila kelele. Kifo hakikufutwa. Kimebaki mle ndani, kwa sentensi moja, na kina uzito zaidi sasa kuliko kilipokuwa na kurasa nzima. Kilichoongezeka ni binti mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza baba alikuwa anafariki na mtoto alikuwa anatazama. Katika ya pili mtoto yuko njiani, sufuria kichwani, anabisha hodi. Ofisa udahili aliyeko Massachusetts, ambaye hajawahi kuona matanga, anamwona msichana mwenye daftari anayetaka kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Hahitaji kuambiwa kwamba binti huyo ni makini, ni mvumilivu, ana utu. Na hahitaji kumhurumia ili ampende.

Sentensi ya kwanza ya rasimu ya zamani ilisema kwamba kifo cha baba kilibadilisha maisha yake milele. Sentensi ya kwanza ya rasimu mpya, ambayo binti aliiandika kwa mkono kwenye baraza lile, ilisema kwamba sufuria la kwanza alilorudisha lilikuwa la jirani ambaye baba yake hakuwa anaongea naye. Zisome zote mbili kwa sauti. Ya kwanza imefunga mlango: imeshasema kila kitu na haina cha kuongeza. Ya pili inakufanya utake kujua jirani alisema nini alipofungua. Bibi Mwalimu hakumpa binti sentensi hiyo. Alimuuliza tu alianza na nyumba ipi, na kwa nini hiyo. Nashangazwa kila mara na uwezo wake wa kujizuia. Mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi ana sentensi nzuri tele kichwani, na anakaa nazo, anamwacha mtoto ahangaike mpaka apate yake.

Kuna jambo jingine analolijua ambalo vijana hawalijui, nalo ni kwamba insha haiko peke yake kwenye bahasha. Anayeomba msaada wa fedha katika vyuo vingi vya binafsi vya Marekani hujaza fomu iitwayo CSS Profile, na humo mapato ya mzazi yanaandikwa mpaka senti ya mwisho. Mkuu wa shule anaandika barua yake. Common Application ina sehemu nyingine fupi, ya maneno 250, ambamo mwombaji anaweza kueleza mazingira yaliyomkwaza: ugonjwa nyumbani, kuhama, vita, mafuriko, kulea wadogo zake. Sehemu hiyo ilianza wakati wa Uviko na imebaki. Basi kama alama zako za kidato cha tano zilianguka kwa sababu ulikuwa unamuuguza mama hospitali ya Muhimbili, liandike hilo huko, kwa maneno makavu, na tarehe zake. Ni maelezo, na maelezo yana mahali pake. Ukishalitoa kule, insha inakuwa huru.

"Umaskini wako umeshaandikwa," huwa anawaambia. "Wameusoma kwenye fomu ya fedha. Ukiurudia hapa, utakuwa umewaambia jambo moja mara mbili na wewe mwenyewe hujawaambia lolote."

Aliyeambiwa hivyo siku moja alikuwa kijana wa Mbagala. Yeye alikuja amejiandaa. Kaka mmoja aliyemtangulia alimweleza kwamba Wazungu wanapenda umaskini, kwa hiyo aupambe. Akaupamba: njaa, koroboi, kutembea peku. Bibi Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza shuleni alikuwa anafikaje. Kwa daladala. "Walikuwa wanakupakia?"

Hapo kijana akacheka, kisha akaanza kueleza kwa hasira ya kweli kuliko yote aliyokuwa ameyaandika. Nauli ya mwanafunzi Dar es Salaam wakati huo ilikuwa shilingi 200, na mtu mzima alilipa zaidi ya mara mbili yake. Konda anasimama mlangoni asubuhi anasema wanafunzi wawili tu, na kituoni mko ishirini. Unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, unasukumwa, unashushwa, unafika umechelewa, unachapwa. Hakuna mtoto wa jiji hili asiyelijua hilo, na pengine ndiyo maana hakuna anayefikiri linafaa kuandikwa. Lakini kijana huyu alikuwa amekwenda mbele kidogo. Alizoeana na konda mmoja, akamuuliza mambo ya hesabu. Dereva na konda lazima wampelekee tajiri mwenye gari hesabu ya siku, waweke mafuta, wamlipe deiwaka, yule kibarua wa siku, akiwapokea, na kinachobaki ndicho chao. Tripu ya asubuhi ndiyo inayojaza gari. Kila kiti anachokaa mwanafunzi kwenye tripu hiyo kinatoa chini ya nusu, na hakuna anayemrudishia konda kilichopungua. Kijana alipiga hesabu nyuma ya daftari lake la jiografia: wanafunzi wangapi kwa tripu kabla konda hajarudi nyumbani mikono mitupu. Jibu lilikuwa karibu sana na wale wawili waliokuwa wakimuudhi kila asubuhi.

"Nionyeshe hiyo hesabu," Bibi Mwalimu akasema, akampa kipande cha karatasi, na wote wawili wakainama juu yake. Alitaka kuona kama inatoka kweli, kwa sababu kama haitoki insha haipo.

Ilitoka. Na insha ikawa ya kijana anayemchukia konda, anapiga hesabu ili athibitishe kwamba konda ni mtu mbaya, na hesabu inamwonyesha mtu anayebebeshwa punguzo ambalo wengine wameliamua. Shida ni ndogo, haiui mtu. Lakini ndani yake kuna akili inayofanya kazi mbele ya macho yako, na kuna kijana aliyekubali kubadilisha mawazo. Umaskini uko pale pale, kwenye shilingi 200 na saa kumi na moja alfajiri. Haukuhitaji koroboi.

Nadhani hapa ndipo ulipo moyo wa ufundi wenyewe. Ukubwa wa shida hauupimi ukubwa wa insha. Bibi Mwalimu hutafuta shida ambayo mtoto alitia mkono ndani yake, hata kama mkono wenyewe ulikuwa mdogo na ulishindwa. Shida iliyomwangukia mtu akiwa amelala, hata iwe nzito vipi, inamwacha msomaji na huruma tu, na huruma haimwambii kijana huyu atafanya nini siku ya kwanza akikaa darasani na watu asiowajua. Tena hutafuta shida iliyokwisha kupoa kiasi kwamba mwenyewe anaweza kuigeuza na kuiangalia upande wa pili. Akiona sauti bado inakatika, anabadilisha mazungumzo, anauliza habari za wadogo zake. Hajali tarehe ya mwisho iko karibu kiasi gani.

Wapo wanaouliza kwa nini chuo kimwulize mtoto maswali haya. Historia ya swali lenyewe haipendezi. Jerome Karabel, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza katika kitabu chake The Chosen cha mwaka 2005 jinsi Harvard, Yale na Princeton zilivyoanza miaka ya 1920 kupima tabia na haiba ya mwombaji pamoja na alama zake. Nia mojawapo ilikuwa kupunguza idadi ya vijana wa Kiyahudi waliokuwa wanafaulu mitihani kwa wingi. Alama hazibishaniwi, ila haiba unaweza kusema huyu anayo na yule hana. Karne moja baadaye chombo kile kile kinatumika, kwa maneno ya vyuo, kumfungulia mlango mtoto aliyeachwa nje. Sina shaka kwamba maofisa wengi wanasoma kwa nia njema. Lakini mlango wenye historia hiyo hauingiwi macho yakiwa yamefumbwa, na Bibi Mwalimu anaijua historia hiyo na huwasimulia vijana waziwazi.

Na pakiwa na mlango unaofunguka kwa maumivu, soko la maumivu halikawii kuanzishwa. Novemba 2018 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba shule moja ya Louisiana, iliyokuwa maarufu kwa video za wanafunzi wake wakishangilia kupokewa vyuo vikubwa, ilighushi alama na kuwatungia wanafunzi weusi hadithi za dhiki zilizozidi ukweli. Mei 2021 gazeti hilo hilo lilichapisha makala ya kijana wa Brooklyn aliyekuwa anaomba vyuo. Alieleza jinsi watu wazima waliomtakia mema walivyomsukuma aandike machungu ya maisha yake, na jinsi alivyokataa kuyauza. Makala hiyo Bibi Mwalimu ameichapa, anayo ndani ya faili, na mara kwa mara humpa kijana aisome kabla hajaandika lolote.

Kwa mtoto wa Afrika kuna mtego wa ziada. Binyavanga Wainaina wa Kenya aliuanika mwaka 2005 katika jarida la Granta, katika makala yake inayojulikana sana juu ya namna Afrika inavyoandikwa: njaa, machweo ya jua, watoto wenye nzi kwenye kope. Wakati ule waandishi wenyewe walikuwa wageni. Sasa tunawafundisha watoto wetu wajiandike hivyo wenyewe, ili wapate ada. Bibi Mwalimu analishughulikia hili kwa kalamu nyekundu. Sentensi yoyote inayoanza kwa kusema "katika utamaduni wetu" anaikata. Akitaka msomaji ajue msiba ni nini, anamwambia mtoto aingize maelezo ndani ya kitendo: nilipindua sufuria tulilokuwa tumeazima kuwapikia waombolezaji. Maneno machache tu, msomaji ameelewa, na hakuna aliyesimama kumhutubia. Anayesoma kule ana akili zake.

Tena kuna suala la sitara, ambalo kwetu si dogo. Mtoto aliyelelewa kwamba ya nyumbani hayatolewi nje anapoambiwa ayatoe, na kwa mtu asiyemjua, anahisi anamsaliti mama yake. Kuna washauri wanaoona huo ni woga wa kumtoa mtoto. Bibi Mwalimu anaona ni mali. Nilimsikia akimweleza kijana mmoja habari za Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyetunga utenzi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Kama kuna aliyekuwa na shida inayofaa kuandikwa, ni yeye. Anataja kwamba ameugua mwaka mzima, anaitaja kwa beti chache, kisha anaendelea. Sehemu kubwa ya utenzi, nao ni mrefu, ni ya yale anayotaka mwanawe ayashike. Ugonjwa ndio uliomfanya aombe wino na karatasi, wala hakuufanya kuwa habari yenyewe. "Ugonjwa wake unaujua," Bibi Mwalimu alimwambia kijana, "lakini ukimkumbuka, unakumbuka nini?" Katika yote niliyoyasikia juu ya kuandika taabu, hilo ni darasa ninalolipenda kuliko mengine, na lilitungwa katika visiwa vya Lamu, zamani kabla ya fomu hizi za vyuo.

Yapo mambo ambayo hayaandikwi kabisa. Alifika binti mwingine, ambaye sitaeleza yaliyomkuta, akaanza kusimulia, na Bibi Mwalimu akainua kiganja. "Hilo ni lako, mwanangu. Chuo hakina haki nalo." Hakumnyamazisha. Alimpeleka kwa mama mmoja mnasihi anayemwamini, na akampa daftari jipya, akamwambia aandike humo lolote, asimwonyeshe yeyote. Hilo nalo lina msingi wake. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walitoa matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika juu ya mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Kurasa zile zilikuwa za siri, hazikuwa za kumshawishi mtu. Kuandika ili upone na kuandika ili uchaguliwe ni kazi mbili, na fundi mzuri hazichanganyi.

Binti huyo aliandika nini hatimaye? Amekulia Kigamboni, anavuka kwa pantoni tangu utotoni, na alikuwa hajui kuogelea. Akiwa na miaka 17 alijiunga na watoto wa miaka sita waliokuwa wanafundishwa ufukweni, yeye akiwa mrefu kuwazidi wote, na watoto hao ndio waliokuwa wanamsahihisha namna ya kupiga miguu. Insha ile ina furaha, na ina maji ya chumvi puani. Aliyeisoma Marekani hajui alichokiacha binti yule, na hapaswi kujua.

Rasimu ikishaiva, inasomwa kwa sauti na mwenyewe, amesimama. Bibi Mwalimu hufumba macho. Mahali mtoto anapobadilisha sauti na kuanza kusoma kama anahutubia, anainua kidole, na mstari huo unawekewa alama. Kwa kawaida ni pale palipoandikwa nimejifunza kwamba. Maneno hayo hayatolewi yote, kwa kuwa swali lenyewe linauliza ulijifunza nini, ila yanashushwa: badala ya kusema amejifunza uwajibikaji, binti wa masufuria aliandika kwamba tangu hapo, kila anapoazima kitu cha mtu, anakichora kwanza. Ndipo sarufi inaguswa, nukta zinapangwa, maneno yanahesabiwa. Mara nyingi yako 700 na kitu, na hamsini ya kutolewa huwa ni yale aliyoyapenda zaidi mwenyewe.

Kisha kuna sharti moja la mwisho. Kila aliyetajwa ndani ya insha na bado yu hai anasomewa. Mtoto anarudi nyumbani, anaketi na mama yake, anamtafsiria kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Mama akisema hili litoke, linatoka, hata kama ni sentensi bora kuliko zote. Binti wa masufuria alikwenda akasoma. Aliporudi Temeke alisema mama hakukataza kitu, hata habari za madeni aliziacha. Alisahihisha jambo moja tu: lile sufuria la jirani alama yake haikuwa nyekundu, ilikuwa ya kijani, kwa sababu rangi ile ilibaki walipopaka dirisha la msikiti, na baba ndiye aliyewagawia majirani wote kidogo kidogo, hata yule asiyeongea naye. Bibi Mwalimu akamwambia aketi tena, maana hapo palihitaji sentensi mbili zaidi, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado siku tatu.